Figa la Bi Atija

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ananiuliza kwa namna yake. Wa ofisini wanauliza kama nilipata jiwe. Majirani wanauliza kama Mtwara kuna joto. Dada yangu, ambaye ananijua, aliuliza swali moja tu: "Mbona umerudi mnyonge?" Nimeona niandike mara moja kwa wote, nisije nikasimulia vipande vipande na kumwachia kila mtu kile kinachonipendeza mimi. Habari za tiketi na vibali naziruka.

Dodoma hadi Nangurukuru

Kwa wasionijua vizuri, nafundisha jiolojia chuoni, Dodoma, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mwezi wa nane Salum Nandonde, aliyekuwa mwanafunzi wangu na sasa ni mwalimu wa jiografia Mtwara, alinitumia kipande cha jiwe kwenye kifurushi. Alikiokota njiani, kwenye kijiji kimoja karibu na Ruvuma inapoingia baharini. Kilikuwa kidogo kama kokwa la embe, lakini kizito ajabu. Nilikikata nikakitazama kwa hadubini, usingizi ukaniruka. Lilikuwa jiwe la vilindini, lile tunaloliita ultramafiki, la namna inayozaliwa chini kabisa ya safu za volkano.

Sasa vitabu vyote vinasema pwani ile ni mchanga, udongo na matumbawe. Nikajiona nimewapiku wote. Sikumwambia mtu. Naandika hili mapema ili mjue nilipanda basi nikiwa na nini moyoni: majivuno.

Tulipokaribia Nangurukuru tukasimama. Lori la saruji lilikuwa limelala katikati ya barabara. Tulikaa pale tangu adhuhuri mpaka alasiri, na jirani yangu wa kiti, Mama Sharifa, mshonaji wa Mikindani, akanigawia mkate wa kumimina na kunihoji.

"Unafundisha nini, mwalimu?"

"Mawe."

"Mawe nayo yanafundishwa?"

Nikamweleza, maana napenda kueleza. Nikamwambia kuna mahali sakafu ya bahari inazama chini ya nchi nyingine, polepole kuliko kucha zinavyoota. Inaposhuka inabeba maji ndani ya mawe yake. Huko chini maji yale yanatoka, yanapanda kwenye mwamba wenye joto kali juu yake, na mwamba ule, ambao ulikuwa mgumu siku zote, ukipata maji unaanza kuyeyuka. Unakuwa uji wa moto. Uji unapanda mpaka unakwama chini ya ganda la dunia, unatulia humo na kuanza kupoa. Chembe nzito ndizo zinazoganda kwanza, zinazama, zinalaliana chini. Uji mwepesi unaobaki ndio unaoendelea juu na kutoka kama volkano.

"Watu wanaona mlima unaotoa moshi," nikamwambia, "lakini kilichobaki chini hakionekani. Hicho ndicho ninachokifuata."

"Na kinafikaje juu, kama kimebaki chini?"

Lilikuwa swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Nikamwambia zamani mno, kabla Afrika haijaungana kuwa moja, hapa katikati palikuwa na bahari na volkano za namna hiyo. Nchi zilipogongana, milima ikainuka, mvua zikaila kwa mamilioni ya miaka mpaka mizizi yake ikabaki wazi.

Mama Sharifa alitafakari, kisha akageukia kiti cha nyuma. "Mwalimu anasema Mtwara chini kuna volkano."

Nilijaribu kusahihisha. Nikasema volkano zile zilikufa kabla hata samaki hawajakuwepo. Haikusaidia. Lori lilipoondolewa, kondakta alikuja mpaka kwenye kiti changu kuniuliza, kwa heshima zote, kama ni salama tuendelee, hasa kwa kuwa kule kuna gesi. Basi zima lilicheka, nami nikacheka. Ndiyo mara ya mwisho kucheka katika safari hii.

Mtwara hadi Madimba

Salum alinipokea stendi, akanipeleka kwake kwa bajaji, mkewe akatukaangia pweza. Asubuhi tulipanda bodaboda mbili. Tulipofika Mtawanya tukasimama kununua ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vyembamba wanavyovichimba porini. Nikauma na ganda lake. Yule mama muuzaji alishika kiuno.

"Menya, dada! Hivyo anakula ngiri."

Madimba tulikunywa chai kwenye kibanda. Nyundo yangu ilichungulia kwenye begi, na mzee mmoja aliyekuwa akipepeta korosho mbichi kwenye ungo akaiona.

"Wa gesi?"

"Hapana, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Wa barabara?"

"Nafundisha tu. Naangalia mawe."

"Hapa hapana mawe," akasema. "Kama ni bomba jingine, tuambieni mapema, kabla hatujapanda mikorosho."

Salum alimtoa wasiwasi kwa Kimakonde. Mimi nilikuwa nimekasirika kidogo kwa kuambiwa hapana mawe. Kumbe mzee yule alikuwa sahihi.

Madimba hadi mtoni

Kijiji sikitaji jina. Kimekaa juu kidogo ya mikoko, mto ukiwa chini, mpana na wa rangi ya chai ya maziwa. Ng'ambo ni Msumbiji, na familia nyingi za hapo zina babu ng'ambo na wajukuu huku.

Salum alinifikisha kwa Bi Atija, mama mtu mzima wa sabini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani, juu ya Kimakua cha utotoni. Alikuwa akiishi na mkamwana wake, Somoe, mwenye miaka ishirini na mbili hivi, aliyeolewa na mwanawe Momadi mwaka jana. Momadi mwenyewe alikuwa amekwenda kupeleka korosho ghalani na angechelewa siku kadhaa, kwa hiyo nilipewa chumba chao, Somoe akahamia kwa mama mkwe wake. Salum akarudi kufundisha.

"Mgeni huyu ni mwalimu wa mwalimu," Bi Atija aliwatangazia majirani. "Kwa hiyo ni bibi yetu."

Siku mbili nilizunguka kingo za mto na Somoe akinionyesha njia. Nilichimba mchanga, nikachungulia mifereji, nikapanda kila kichuguu kilichofanana na mwamba. Mchanga. Udongo. Matumbawe yaliyokufa. Somoe alikuwa msichana wa maneno machache na macho makali. Siku ya pili aliniuliza, "Likipatikana jiwe, mwalimu, utafanya nini nalo?"

"Nitaandika. Watu watajua lilipo."

"Halafu?"

Nikainama nikaendelea kuchimba.

Jioni tulikula bada, ule ugali wa muhogo, kwa kisamvu cha nazi, na Bi Atija aliniwekea mimi minofu yote ya samaki. Nilipokataa alinikaripia kama mtoto, nikala.

Uani

Siku ya tatu miguu ilinivimba, nikabaki nyumbani. Wao walikwenda kuokota korosho. Bi Atija aliniachia ufunguo, maji ya kunywa na neno moja: "Nyumba yako, mwanangu."

Nilikaa kwenye kigoda uani, karibu na jiko. Moto ulikuwa umezimwa. Mafiga matatu yalikaa kwenye majivu, meusi kwa masizi, na sijui kwa nini nilinyoosha mkono nikasukuma moja. Halikusogea kama nilivyotarajia. Nikaliinua kwa mikono miwili. Uzito ule nilikuwa naujua.

Nikakwangua masizi kwa kisu, chini yake pakatoka weusi wa kijani. Nikachukua nyundo.

Lazima niwaambie kwamba somo la kwanza ninalowapa wanafunzi wangu, kabla ya ramani na kabla ya dira, ni hili: omba kwanza, ndipo ugonge. Salum analijua, alilipata kwangu. Na mimi si mtoto wa mjini. Nimelelewa jikoni kwa bibi yangu, huko Peramiho, najua figa ni nini katika nyumba. Nilijiambia nitabandua ncha tu, ndogo, upande wa chini, hakuna atakayeona.

Nikagonga mara moja. Jiwe lililokaa motoni miaka mingi hivyo huwa limechoka ndani. Lilipasuka vipande viwili, na cha tatu, cha kujaa kiganja, kikarukia majivuni.

Niwaambie ukweli wote: kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Ndani lilikuwa halijaguswa na moshi. Chembe za kijani kama mbaazi mbichi zilikuwa zimelaliana, na katikati yake chembe nyeusi zinazong'aa, zote zimebanana vile zilivyozama na kutulia chini ya volkano ambayo haipo tena duniani. Nililishika kwenye jua nikaligeuza na kuligeuza. Nadhani nilisema kitu kwa sauti.

Kisha nikaona jiko lilivyobaki.

Nilifanya haraka. Nilikutanisha vile vipande viwili, nikavididimiza kwenye majivu, nikapaka masizi kwenye ufa. Kipande cha tatu nikakifunga kwenye kanga, nikakiweka ndani kabisa ya begi. Nilijipa ahadi kwamba wakirudi nitasema. Wakarudi wamechoka, vichwani ndoo za korosho, wanacheka jambo la huko shambani, na Somoe akawasha moto kabla sijafungua mdomo. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Lakini kuwasha moto kwa kuni mbichi huchukua muda. Nilikuwa na muda.

Chungu cha mbaazi kilipoanza kutokota, figa likaachana. Chungu kililala upande, mbaazi na mchuzi wa moto vikamwagika kwenye mguu wa kushoto wa Somoe.

Alipiga ukelele mmoja tu. Tulimkimbilia, nikammwagia maji ya mtungini, majirani wakaja. Mguu uliwiva juu, kuanzia vidoleni hadi karibu na kifundo. Alipotulia, Bi Atija alirudi jikoni akainama, akashika nusu moja ya jiwe kwa kipande cha gunia, akalitazama.

"Somoe," akaita.

"Abee, mama."

"Umelimwagia maji."

"Sikulimwagia, mama."

"Mara ngapi nimekwambia? Figa la moto halimwagiwi maji! Unazima moto kwa haraka zako, unakimbilia simu!"

"Wallahi mama, sikulimwagia."

"Jiwe limevuka mto juu ya kichwa cha marehemu dada yangu. Halikupasuka kwa vita, halikupasuka kwa njaa. Limepasuka mwaka ulioingia wewe."

Somoe alinitazama mimi. Hakunishuku. Alinitazama kwa sababu nilikuwa mtu mzima wa pekee pale asiyekuwa upande wowote, akitumaini nitasema neno la kupoza.

Nikasema, "Tumpeleke kwanza zahanati, mama."

Ndilo lililotoka mdomoni mwangu.

Jioni ile, mguu umekwisha kufungwa, Bi Atija alinisimulia bila kuulizwa. Walikimbia vita ng'ambo akiwa msichana, yeye, mama yake na dada yake. Kwao kulikuwa bara, mbali, penye vilima na mto wenye mawe ya kijani. Mama yao alikuwa amesikia kwamba pwani hakuna jiwe la kupikia, kuna matumbawe tu, na tumbawe likipata moto linageuka chokaa. Kwa hiyo kila mmoja alibeba figa moja kichwani. Nguo waliacha.

"La dada ndilo hilo," akasema. "Alikufa mwaka wa pili. Nikipika nilikuwa naliweka upande wangu wa kulia."

Mkono wangu ulikuwa juu ya begi. Kipande kile chini yake nilikuwa nimeshakijua kwa jina, nilikuwa nimeshakipangia sentensi za kuandika, na sasa jibu la swali langu lote nilikuwa nimepewa bure na mtu aliyeketi mbele yangu: jiwe halikutoka Mtwara. Lilitoka bara ya Msumbiji, kwenye mizizi ya milima ile ya kale, likaja pwani kwa shingo za wanawake watatu, na kile kipande cha Salum bila shaka kilimeguka kwenye figa kama hilo. Ningemuuliza tu siku ya kwanza nikiwa nakunywa maji, angeniambia.

Nikamwambia, "Pole, mama." Akanishukuru.

Kijijini hadi Madimba

Asubuhi nilisema miguu imepona na kazi imekwisha. Somoe hakuwepo. Bi Atija alisema amekwenda kwao, hakusema kwa hasira tena, alisema kama mtu aliyekosa usingizi. Alinipa kifuko cha korosho alizokaanga alfajiri hiyo. Alizikaanga juu ya mafiga mawili na tofali.

Dereva wa bodaboda alinifikisha Madimba, kwenye kibanda kilekile cha chai. Somoe alikuwa amekaa kwenye benchi, mguu uliofungwa ameuweka juu ya begi lake.

Ningeweza kupita. Nawaandikia hili kwa sababu kwa muda fulani, kama wa kuhesabu hadi kumi, nilimwambia dereva aendelee. Kisha Somoe akainua mkono akanisalimia, nikamwambia asimame.

"Kwenu ni wapi?" nikamuuliza.

"Hapo mbele tu. Naweza kutembea."

"Mbona umekaa?"

"Sijui nitamwambia nini mama yangu. Niseme nimesingiziwa? Mama mkwe si mtu wa kusingizia, mwalimu. Ananipenda yule. Nimelala nikifikiria. Labda nililimwagia maji. Siku moja nilikuwa na haraka. Labda nililimwagia nikasahau."

Nimesoma mambo mengi kuhusu uzito na shinikizo, nimeyafundisha pia. Sijawahi kuhisi kitu kama kile. Nilikuwa nimemvunjia mtu kumbukumbu yake mwenyewe.

Nikafungua begi, nikatoa kanga, nikaifungua pale kwenye benchi. Kile kipande kiling'aa kijani. Alikitazama, akanitazama, akakitazama tena.

"Ni mimi," nikasema. "Kwa nyundo. Mlipokuwa shambani."

Aliweka mguu chini, akavaa kandambili moja, akasema kumwambia dereva, si mimi, "Turudi."

Kurudi

Tulikaa watatu kwenye pikipiki, mimi nyuma kabisa. Njia nzima hakunigusa wala kugeuka.

Bi Atija alikuwa anapepeta unga. Nilipiga magoti, nikamweleza yote, pamoja na masizi niliyopaka kwenye ufa. Hilo nilitamani kuliruka. Nikaweka kipande mbele yake. Akaendelea kupepeta mpaka unga wa kwenye ungo ukaisha. Kisha akaweka ungo chini, akasimama, akanipita, akaenda mpaka kwa Somoe mlangoni. Akamshika mikono yote miwili.

"Nimekutukana mbele ya watu," akamwambia. "Kesho nitawaita wale wale waliosikia, nikuombe radhi mbele yao. Leo nakuomba peke yangu."

Somoe akalia. Jana yake hakuwa amelia, hata kwa mguu. Kumwona mama wa miaka sabini akiinamisha kichwa kwa mkamwana kwa sababu yangu, hiyo ndiyo sehemu ambayo bado inanijia nikiwa nafundisha, nasahau nilichokuwa nasema.

Baadaye Bi Atija alinigeukia. Nilitegemea matusi, na ningeyashukuru.

"Ulikuwa unatafuta nini ndani ya jiwe?"

Nikamweleza kama nilivyomweleza Mama Sharifa, lakini bila raha. Bahari inayozama, maji yanayoyeyusha mwamba, uji unaotulia, vizito vinavyoshuka.

"Kama wanga," akasema. "Ukikuna muhogo ukaacha maji yake yatulie kwenye beseni. Wanga chini, maji juu."

"Kama wanga, mama. Hilo ni wanga wa volkano."

Alikichukua kipande, akakitazama kwa ndani, upande ambao hajawahi kuuona kwa miaka yote aliyopikia. Akapitisha kidole gumba kwenye zile chembe za kijani. Sijui alifikiri nini. Akakifunga kwenye ncha ya kanga yake.

"Hili hutaliandika," akasema.

"Sitaliandika, mama." Sijaliandika, isipokuwa hapa, kwenu, na chuoni nimesema jiwe halikuwa la Mtwara na habari imeishia hapo.

Akamwambia Somoe amuombe mgeni akae ale. Nikala, kwa sababu kukataa kungekuwa kosa jingine. Kisha, mbele yake, nilimwomba Somoe msamaha. Somoe aliangalia chini akasema, "Nimekusamehe, mwalimu." Bi Atija akaitikia, "Alhamdulillahi. Msindikize mgeni."

Mpaka barabarani

Nilimsihi Somoe abaki kwa sababu ya mguu, akakataa. Tulitembea polepole kwenye mchanga, yeye akikanyaga kwa kisigino. Tulipofika alipokuwa akinisubiri dereva, nikampa namba yangu, nikamwambia anipigie kwa gharama yoyote ya zahanati, neno lolote, wakati wowote. Akaiingiza kwenye simu yake, akanipigia ili nihakikishe imeingia, akakata.

"Mwalimu," akasema, "kule ndani nilisema nimekusamehe kwa sababu mama alikuwepo. Ule ulikuwa mdomo."

"Najua."

"Moyo ukikubali nitakupigia."

Akageuka, akarudi kwa kisigino kile kile, taratibu, bila kutazama nyuma.

Salum ananiambia mguu umepona, imebaki alama, na Momadi amerudi, na nyumba ina amani. Namshukuru Mungu. Namba ya Somoe ninayo, lakini si mimi wa kupiga. Siku hizi simu siizimi, hata darasani, na wanafunzi wameshaanza kunung'unika. Mpaka leo ninapowaandikia, hajapiga.